Kombe Lina Mwaka, Halina Majina

Mpenzi msomaji, hoja yangu ni moja na nitaitoa mapema ili usije ukasema nimeificha mfukoni. Wale wanaume wanaokaa kwenye benchi la steji ya bodaboda, hapo nje ya lango letu, wanafanya kazi ambayo shule yetu imeshindwa kuifanya. Wanawakumbuka wachezaji wa kandanda waliopita hapa. Sisemi wale waliochezea Harambee Stars, la hasha! Hatujatoa hata mmoja. Nasema wale ambao hawakufika popote: beki aliyecheza mihula miwili akahamia shule nyingine, kipa wa akiba, winga ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa gazetini wala kutajwa redioni. Watu hao wanaishi katika vinywa vya wazee wanne watano na fundi mmoja wa viatu. Siku vinywa hivyo vikifumba, watakuwa wamekwisha kabisa.

Najua wengi wenu mtacheka. Mtasema, jameni, mtu mzima wa kidato cha tatu anasimama steji kusikiliza porojo badala ya kwenda nyumbani kudurusu! Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, njia yangu ni hiyo hiyo, na viatu vyangu vina tabia ya kufunguka midomo kila mwezi. Fundi naye hana haraka. Basi nimesikia mengi.

Hebu nikuonjeshe. Mmoja ataanza, "Mnamkumbuka yule kipa aliyekuwa akitafuna muwa golini?" Hapo kazi imeanza. Yasemekana mabeki wake walikuwa wakali hata mpira ulikuwa haumfikii, naye akawa anaingia uwanjani na kipande cha muwa, anakiegemeza kwenye mlingoti. Mwingine atadakia kwamba haukuwa muwa, lilikuwa hindi la kuchoma. Watabishana nusu saa nzima huku abiria wakingoja. Kisha watamhamia beki wa kulia aliyebutua mpira ukaangukia katika shamba la miwa la jirani, ukatafutwa mpaka giza likaingia, na mechi ikaishia hapo kwa sababu siku hizo shule ilikuwa na mpira mmoja tu. Matokeo ya mechi hiyo hakuna anayeyakumbuka. Beki wanamkumbuka, mpaka namna alivyokuwa akipandisha soksi.

Wazee zaidi kati yao wanatushinda kwa jambo moja. Kabla ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, kulikuwa na kidato cha tano na cha sita, na mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa mwaka wa 1989. Kwa hivyo baadhi ya shule kubwa ziliweza kuleta uwanjani mijibaba ya miaka ishirini. Mzee mmoja hupenda kusema, "Sentahafu wao alikuwa na ndevu na mke." Habari ya mke namwachia mwenyewe. Wazee hawa bado husema "tulifika wilaya" na "tulitolewa mkoani", ilhali sisi tunasema kaunti ndogo na kanda, lakini ngazi ni ile ile: unaanza zoni, unapanda mpaka taifa, na mwenye bahati anakwenda kucheza Afrika Mashariki. Sisi hatupandi sana. Mwenyezi Mungu alituweka katika kaunti moja na Kakamega High, wale Green Commandos ambao wamechukua ubingwa wa taifa mara nyingi, na pia Musingu, wale Scorpions. Ndiyo maana steji kwetu, kufungwa na Commandos mabao mawili kwa moja pale Bukhungu huhesabiwa kama ushindi, na aliyefunga hilo moja husimuliwa kama Fumo Liyongo.

Shida ni kwamba wengi wao hawana majina, wana lakabu tu. Zamani kila timu ilikuwa na Pele wake, baadaye kila timu ikawa na Maradona, na baada ya Roger Milla wa Kameruni kufunga mabao manne katika Kombe la Dunia la 1990 akiwa na miaka 38, kila shule ilijipatia Milla, hata kama alikuwa wa miaka kumi na sita. Steji yetu ina Maradona watatu. Yuko Maradona mfupi, yuko Maradona wa Lurambi, na yuko Maradona ambaye kwa maelezo ya fundi wa viatu hakujua kupiga chenga hata moja bali alifanana naye nywele. Ukiuliza jina alilobatizwa huyu Maradona mfupi, benchi zima linakuna kichwa. Hapo ndipo nilipoona hatari. Mtu anakumbukwa mguu wake wa kushoto, lakini jina lake limekwisha kupotea, na waliocheza naye bado wako hai!

Kuna wanaosema kwamba kumbukumbu za mashabiki ni uongo mtupu. Rafiki yangu mmoja darasani amesema bao likisimuliwa mara kumi huwa limepigwa kutoka mita kumi zaidi. Ni kweli, bao la Bukhungu nimelisikia likianzia kwenye kumi na nane, nikalisikia tena likianzia katikati ya uwanja. Lakini msomaji, umewahi kukaa hapo hadi mwisho? Mwongo hadumu kwenye benchi lile. Akisema mita arubaini, mwingine humkata kauli: "Wacha hizo bwana, mimi nilikuwa nyuma ya goli, nilishika ule mpira." Wanasutana, wanapimana, mwishowe bao linarudi mahali pake au karibu na hapo. Sisi tunafundishwa katika somo la Historia kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo cha historia, tunayaandika katika mtihani na kupewa alama. Je, yanakuwa chanzo yakiwa juu ya wafalme na uhamiaji tu, na yakiwa juu ya kipa na muwa wake yanageuka porojo?

Tazama jinsi wale wakubwa walivyohifadhiwa. Joe Kadenge alifariki mwaka wa 2019, na mimi sikupata kumwona akicheza hata kwa picha ya video. Lakini nilijua kusema "Kadenge na mpira" kabla ya kujua Kadenge ni nani, kwa sababu redio iliuweka msemo huo vinywani mwa watu na sauti ya Leonard Mambo Mbotela ikautunza miaka na miaka. Vivyo hivyo Gor Mahia ya 1987. Walitoka sare ya 2-2 na Esperance huko Tunis, wakatoka sare ya 1-1 Kasarani, wakatwaa Kombe la Mandela kwa bao la ugenini. Mzee yeyote wa hapa, hata yule wa AFC Leopards anayeumia kusema, atakutajia nahodha Austin Oduor, atakutajia Peter Dawo na Abbas Khamis Magongo. Magazeti yaliandika, redio ilitangaza. Uwanja wetu wa shule, ule wenye kichuguu upande wa kona, haujapata kuona mtangazaji. Redio ya wachezaji wetu ni lile benchi, wala haina betri za ziada.

Tena nauliza jambo. Tarehe 7 Novemba 2012, Victor Wanyama aliifungia Celtic kwa kichwa dhidi ya Barcelona, wakashinda 2-1. Kona iliyozaa bao hilo ilipigwa na Charlie Mulgrew. Jina la mpiga kona limeandikwa na litasomwa hata miaka mia ijayo. Haya, Wanyama alisomea Kamukunji High School, Nairobi, shule iliyosifika kwa soka, na nduguye McDonald Mariga, aliyekuwa katika kikosi cha Inter kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka wa 2010, alipitia huko huko. Ni nani aliyekuwa akimpigia kona Wanyama pale Kamukunji? Yuko mtu alipiga kona hizo. Huenda sasa anauza vipuri vya magari au ni karani mahali. Nina hakika pale Kamukunji kuna steji inayomjua.

Wenzetu wa Marekani hawana aibu na mambo haya. Mpira wa vyuo vyao ni ule wa kubeba mikononi na kuvaa helmeti, nami kanuni zake bado zinanichanganya, lakini vyuo huweka orodha za wachezaji mwaka baada ya mwaka, na mashabiki hukumbushana hata juu ya wale wa akiba waliogusa mpira mara mbili katika miaka minne. Daniel Ruettiger, maarufu kama Rudy, alikuwa kijana mfupi wa chuo cha Notre Dame ambaye kazi yake ilikuwa kufanya mazoezi na timu ili wenzake wapate wa kuwasukuma. Aliingizwa uwanjani tarehe 8 Novemba 1975, katika mechi na Georgia Tech, dakika za mwisho kabisa. Akamwangusha mpinzani mmoja, na wenzake wakambeba mabegani. Mwaka wa 1993 ikatengenezwa filamu juu yake. Mimi siombi filamu, mpenzi msomaji. Naomba karatasi.

Maana hebu ingia ofisini kwa mwalimu mkuu siku utakayoitwa, nami nakuombea uitwe kwa mema. Ukutani kuna ubao wenye majina ya waliopata alama za juu katika KCSE, majina matatu matatu kamili, yamepakwa rangi ya dhahabu. Ni jambo zuri, nami natamani langu liwepo. Sasa geuka upande wa kabati. Kuna makombe manne, moja limevunjika sikio. Soma maandishi yake: jina la shule, jina la mashindano, mwaka. Basi. Utadhani shule yenyewe, na madirisha yake na matangi yake ya maji, ilishuka uwanjani ikafunga mabao. Walioitoa jasho hawamo.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kuna mtu hapa sokoni anayesukuma mkokoteni wa maji. Sitamtaja, ingawa nyote mnamjua. Alikuwa winga wa kushoto wa shule hii. Akipita steji, wazee humwita "Winga!" naye huinua mkono mmoja juu kama anayeomba pasi, mkokoteni ukiendelea kwa mkono wa pili. Katika gwaride moja la Jumatatu, msemaji mmoja ambaye namheshimu alituonya juu ya michezo. Akasema, bila kumtaja jina, kwamba tumtazame yule anayetuletea maji jikoni. Alikuwa bingwa wa mpira, akasema, akasahau vitabu, mwisho wake ndio ule. Wanafunzi walicheka. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na nilimwona mwenyewe akimimina mitungi kando ya jikoni, umbali wa kama mita thelathini. Kicheko kilimfikia.

Jioni niliwauliza wale wa steji. Hawakunijibu mara moja. Kisha fundi wa viatu, ambaye walisoma darasa moja, akanieleza habari ambayo haimo katika faili lolote la shule. Winga hakuacha shule kwa ajili ya mpira. Alirudishwa nyumbani kwa karo muhula wa pili akiwa kidato cha tatu, kama mimi sasa. Muhula wa pili ndio wa kandanda. Timu ilipokuwa inakwenda wilayani, mwalimu wa michezo wa siku hizo alimfuata nyumbani kwa baiskeli, akamlipia nauli kutoka mfukoni mwake, akamchezesha. Walishinda. Baada ya mashindano alirudi darasani kwa wiki mbili, kisha karo ikamtoa tena na safari hii hakurudi. Fundi aliniambia, "Kijana, kama si mpira angetoka mapema zaidi. Mpira ndio uliomrudisha shule."

Umeona sasa? Benchi la steji lina ukweli, na gwaride lilikuwa na hadithi. Nasema hivi kwa heshima zote kwa walimu wangu, ambao wengi wao walikuja hapa miaka mingi baada ya hayo kupita, na hawana mahali pa kuyasoma. Lau kungekuwa na daftari moja tu lililoandikwa fulani, winga wa kushoto, alicheza mwaka fulani, aliacha shule kwa kukosa karo, nani angesimama mbele ya watu mia nne na kumfanya mfano wa uzembe? Mtu asiye na kumbukumbu iliyoandikwa anaweza kupewa maana yoyote anayotaka msemaji. Leo yeye ni onyo. Kesho mwingine atamgeuza shujaa wa kuchangishia pesa za jezi. Hilo nalo silitaki.

Nilipata ujasiri nikamuuliza mwenyewe kama hachukii kuitwa "Winga" mbele ya watu hali anasukuma maji. Alicheka. Akasema, "Wananiita kwa kazi niliyoifanya vizuri. Wewe ungependa uitwe kwa ipi?" Kisha akaniuliza kama kile kichuguu cha kona bado kipo, kwa maana alikuwa akikitumia kumtega beki.

Kabla sijasahau, wasichana. Katika jioni zote nilizosimama steji sijasikia jina la msichana hata mmoja, na shule yetu ni ya mseto tangu ianzishwe. Mama yangu alichezea timu ya netiboli ya shule yake mpaka ngazi ya mkoa. Jambo hili nimelijua mwaka huu, baada ya kumsumbua kwa maswali ya makala haya. Aliacha kuchambua sukuma, akanitajia wachezaji wenzake wote sita, majina mawili mawili, na nafasi ya kila mmoja, bila kusita. Yeye ni bora kuliko benchi zima! Lakini akina mama hawana steji. Wakikutana chamani wanazungumza habari ya mchango na ya watoto, na timu ile ya netiboli inabaki ndani ya mtu mmoja mmoja. Kwa hivyo yeyote atakayekubali pendekezo langu asiishie kwa wazee wa bodaboda. Aanze na mama yake.

Wako pia wale wa 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na kandanda ya muhula wa pili mwaka huo haikuwako. Kikosi kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa hapa kwetu, jezi zimegawanywa. Hawakucheza hata mechi moja, wakamaliza kidato cha nne, wakaenda zao. Steji haina la kusimulia juu yao, maana steji husimulia mabao. Hao nao ni wachezaji wa shule hii, nami ningependa waandikwe kwanza kabla ya wengine wote.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji kamati. Chama cha Kiswahili kina wanachama wengi wanaoishi katika mitaa inayozunguka shule. Kila mmoja amwendee mtu mmoja aliyesoma hapa, amwulize majina ya timu ya wakati wake, aandike kama alivyoambiwa, na chini yake aandike nani alimwambia. Wakipingana wawili, tuandike yote mawili, muwa na hindi. Fundi wa viatu amekubali kuja siku ya mkutano wetu mradi apewe chai. Maradona mfupi tutamtafuta, kwani yuko mtu anayefikiri anaishi Webuye.

Na timu ya mwaka huu tusingoje ikazeeke. Mhariri wa jarida hili ameniambia nafasi ni haba. Lakini nimeangalia jarida la mwaka jana nikaona jalada la nyuma ndani liliachwa jeupe, lina nembo ya shule tu katikati. Nimelipima kwa rula. Ukiandika kwa herufi ndogo, majina 18 yanaenea juu ya nembo, pamoja na namba za jezi, wasichana nao 18 chini yake, na pembeni inabaki nafasi ya mwalimu wa michezo na ya yule kijana wa kidato cha kwanza anayebeba maji na ndimu.